Mkono wa mashine na mkono wa tezi

Mwezi huu barua moja imekula karibu ukurasa wote. Wenye maswali ya malaria na kisukari niwieni radhi, mtajibiwa toleo lijalo.

SWALI: Assalamu alaykum, Bibi wa Maabara. Sisi ni watu wa Wete, lakini mume wangu ni mgonjwa wa figo, mwaka wa sita huu yuko kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, basi tumehamia Unguja kwa wifi yangu. Ana miaka 46. Mwaka jana mifupa ilimuuma mpaka akawa hawezi kusujudu, na ngozi ikamwasha hata akawa anajikunia kitana. Kipimo cha PTH, homoni ya zile tezi nne ndogo za shingoni, kilifika 1,480. Dawa zilishindwa. Akapelekwa India akakatwa tezi zote nne za shingoni, na kipande cha tezi moja wakakipandikiza kwenye mkono wa kulia. Karatasi ya chumba cha operesheni imeandikwa hivi: kabla ya kukatwa 1,510, dakika 10 baada ya tezi ya mwisho kutolewa 620, dakika 20, 240. Siku ya pili 14. Tumerudi, miezi mitatu imepita, tumepima hapa Unguja imetoka 910. Shemeji yangu anasema operesheni imefeli, tezi zimeota tena, na pesa ya karafuu tumeitupa baharini. Mtaani nako wanasema amekatwa rovu. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Ulipoacha namba yako mwisho wa barua ulinifaa sana, maana nilikuwa na swali moja tu na sikutaka kusubiri gazeti. Nikakupigia, nikakuuliza: hiyo damu iliyotoa 910 ilichukuliwa mkono gani? Ukanijibu, “Wa kulia, Bibi. Wa kushoto hawaruhusu kutoboa, ndio wa mashine.”

Hapo ndipo nilipojua barua yako nitaijibuje.

Mkono wa kushoto wa mume wako una ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji, unaotetema ukiugusa kama paka anayekoroma, na ndimo sindano za mashine zinamoingia. Madaktari wanauita fistula, na watu wakilisikia neno hilo wanafikiri maradhi ya kinamama ya baada ya uzazi. Siyo, ni neno moja kwa mambo mawili. Mkono huo haupimwi presha, haufungwi mpira, wala hautobolewi na mtu yeyote isipokuwa wakati wa mashine. Kwa hiyo ni desturi nzuri kabisa kwamba mtoa damu aliukwepa, akaenda wa kulia.

Tatizo ni kwamba wa kulia nao sasa una mwenyewe. Madaktari wa India walichagua mkono usio na mshipa wa mashine, wakapasua kidogo chini ya kiwiko upande wa mbele, wakapachika vipande vidogo vya tezi ndani ya nyama. Wanafanya hivyo kwa hesabu: mtu hawezi kuishi vyema bila homoni hii kabisa, lakini kama tezi itakuja kukua tena, ni rahisi zaidi kuipunguza mkononi kwa ganzi kuliko kurudi shingoni mara ya pili. Kipande kile kikishika, kinaanza kumwaga homoni yake kwenye mishipa midogo ya mkono, na mishipa hiyo inapanda kupitia pale pale kwenye kiwiko ambapo kila mtoa damu duniani anapenda kuchoma sindano. Mtu akikinga hapo, amekinga mdomoni mwa mfereji. Damu ile bado haijachanganyika na damu ya mwili mzima.

Nilikuomba umpelekee daktari wenu wa mashine kikaratasi changu, naye, Mwenyezi Mungu amlipe, hakuona taabu. Asubuhi moja mume wako alipofika kuunganishwa, muuguzi alitoa damu ya kushoto kupitia sindano ile ile ya mashine, kabla ya kuingiza maji wala heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kisha akatoa ya kulia kwenye kiwiko. Chupa mbili za kifuniko cha zambarau, moja imeandikwa KUSHOTO, moja KULIA, saa 2 na dakika chache zote mbili. Majibu uliyonisomea kwenye simu: kulia 870, kushoto 142.

Mtu mmoja, asubuhi moja, maabara moja, mashine moja. Ile 142 ndiyo homoni inayozunguka mwilini mwa mume wako, ndiyo inayofika kwenye mifupa. Ile 870 inakupa habari nyingine, nayo ni njema: kipande cha tezi kimeshika, ki hai, kinafanya kazi. Kingekuwa kimekufa, mikono yote miwili ingetoa namba zinazokaribiana. Mwambie shemeji yako pesa ya karafuu haikwenda baharini.

Sasa utaniuliza, mtu asiye na maradhi huwa na ngapi? Kwa mwenye figo nzima, maabara nyingi huandika kati ya 15 na 65, kwa pikogramu kwenye mililita moja ya damu. Mgonjwa wa mashine hapimwi kwa kibaba hicho. Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa figo wa mwaka 2009 unasema aachwe kati ya mara 2 na mara 9 ya kiwango cha juu cha kawaida cha maabara husika. Chukua 65, utapata kama 130 mpaka 585. Sababu ni kwamba mifupa ya mgonjwa wa figo imekuwa mizito wa kusikia, inahitaji kupigiwa kelele kidogo ndiyo ifanye kazi. Homoni ikishuka mno mifupa inalala, nayo ni hasara vilevile. Kwa hiyo 142 mimi siilalamikii. Lakini mwenye kusema dawa ziende vipi ni daktari wake, atakayeitazama pamoja na madini ya kalsiamu na fosfeti kwenye damu.

Nirudi kwenye karatasi ya chumba cha operesheni, maana umeniandikia namba tatu ambazo wengi hawapewi hata kuziona.

Homoni hii haina umri. Kwa mtu mwenye figo nzima, ikishatoka kwenye tezi, nusu yake inatoweka ndani ya dakika chache, tatu, nne, tano. Ndiyo maana daktari wa upasuaji anaweza kuitumia kama saa: akitoa tezi mbovu, anapima damu mgonjwa akiwa bado amelala mezani, na ikishuka anajua amekamata mwizi, haikushuka anaendelea kutafuta. Kanuni iliyotoka Miami, Marekani, inasema ishuke zaidi ya nusu ndani ya dakika 10. Lakini kanuni hiyo iliwekwa kwa watu ambao figo zao hazina neno, tezi moja tu ndiyo iliyoharibika.

Kwa mgonjwa wa figo fikiria gati ya Mkoani meli imeshafunga nanga na kuteremsha abiria. Watu wanatoka kwa milango miwili: mlango mkubwa ni ini, mlango mdogo ni figo. Sasa funga ule mdogo. Meli haileti tena mtu, lakini gati inachelewa kuwa tupu. Na wapo abiria wa aina moja, wale vipande vya homoni iliyokwisha kukatika, ambao njia yao kubwa ni ule mlango mdogo uliofungwa. Hao wanabaki wamejazana gatini kwa muda mrefu.

Na mwenye kuhesabu, yaani kipimo, anakosea kuwahesabu. Homoni nzima ni kama uzi wenye shanga 84. Kipimo kinachotumika maabara nyingi kina kulabu mbili, moja inashika upande wa mwisho wa uzi, moja upande wa mwanzo. Uzi ukishikwa kote kuwili ndio unahesabiwa. Lakini kulabu ya mwanzo haishiki ushanga wa kwanza kabisa. Uzi uliopotea shanga 6 za mwanzo, ulioanzia ushanga wa 7, nao unashikwa, unahesabiwa kuwa mzima wakati hauna kazi ya mzima. Vipo vipimo vya kizazi kipya zaidi vinavyodai ushanga wa kwanza, navyo kwa damu ile ile hutoa namba ndogo. Ndiyo maana nasema siku zote: usilinganishe namba ya maabara hii na ya ile kana kwamba ni bei ya sukari.

Basi mume wako alishuka asilimia 59 kwa dakika 10, na asilimia 84 kwa dakika 20. Kwa kanuni ya Miami wangeweza kushona kwenye dakika 10. Hawakushona, walisubiri. Kwa mgonjwa wa figo madaktari wengi hungoja mpaka dakika ya 20 na hutaka mteremko mkubwa zaidi ya nusu, kwa sababu nusu peke yake inaweza kudanganya, tezi ya nne ikawa imejificha nyuma ya koo au imeshuka kifuani. Kisha ile 14 ya siku ya pili ikathibitisha. Mimi ningekuwa na mamlaka ningeibandika karatasi ile ukutani.

Kuhusu kalsiamu umeniambia kwenye simu, siyo kwenye barua, na nimeona niliweke hapa kwa faida ya wengine. Siku ya tatu baada ya operesheni midomo ilimwingia ganzi, vidole vikajikunja, ukadhani ni kiharusi. Ile ni njaa ya mifupa. Miaka yote tezi zilikuwa zinainyang’anya mifupa kalsiamu. Siku zilipotolewa, mifupa ikaigeukia damu kama mtu aliyefunga anavyoukabili uji wa futari. Ndiyo maana kwa saa 48 mpaka 72 za mwanzo kalsiamu hupimwa kila baada ya saa 4 mpaka 6, usiku na mchana, na ikiteremka chini ya 1.8 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, mgonjwa huwekewa dripu ya kalsiamu. Mgonjwa anakereka kuamshwa saa 9 usiku kutobolewa. Mwacheni akereke.

Jambo moja limenishtua. Umesema vidonge vya kalsiamu bado anavimeza katikati ya chakula, “kama zamani”. Zamani vilikuwa na kazi nyingine. Kabla ya operesheni kidonge kile kilimezwa pamoja na chakula ili kiikamate fosfeti ya samaki, ya maharage na ya maziwa, kitoke nayo chooni. Baada ya operesheni, kalsiamu inapotakiwa iingie mwilini iende kwenye mifupa, humezwa mbali na chakula. Kidonge ni kile kile, saa ndiyo iliyobadilika. Usibadilishe wewe, wala mimi sikubadilishii. Muulize daktari wake, “Kidonge hiki sasa hivi kazi yake ipi?” Atakujibu mara moja, na akikuna kichwa basi umemsaidia.

Na rovu? Siyo rovu. Rovu ni uvimbe wa tezi ya koo, ile kubwa yenye umbo la kipepeo. Hizi ni tezi nne ndogo zilizojibanza nyuma yake, kila moja kwa kawaida ni kama punje ya mchele, ndogo mno hata zikawa kati ya viungo vya mwisho kabisa vya mwili kugunduliwa. Kwa binadamu zilielezwa mwaka 1880 na mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Sweden, Ivar Sandström. Kabla yake zilikuwa zimeonekana kwa kifaru aliyefia kwenye bustani ya wanyama London. Za mume wako zilikuwa zimevimba, lakini majirani waambie hivyo hivyo: siyo rovu, ni tezi za kifaru.

Mwisho kwa barua yako: nunua kalamu ya wino usiofutika, na kwenye jalada la daftari lake la kliniki andika kwa herufi kubwa: KUSHOTO – MASHINE. KULIA – TEZI. PTH ITOLEWE KWENYE MASHINE. Ukiona haya kuandika, mwambie wifi.

SWALI: Bibi, mimi ni mwanafunzi wa maabara, niko mafunzoni Chake Chake. Damu ya mgonjwa wa figo ilikuwa haba kwenye chupa nyekundu, nikaongezea kutoka kwenye ya zambarau. Mwalimu wangu alinikaripia mbele ya wagonjwa. Damu si ya mtu mmoja?

JIBU: Mwalimu wako mimi ningempa chai. Ndani ya chupa ya zambarau mna dawa ya kuzuia damu isigande, EDTA, na namna inavyoizuia ni kuifunga kalsiamu yote. Tena dawa yenyewe ni chumvi ya potasiamu. Ulichomimina kwenye ile nyekundu kingetoa kalsiamu ya chini kabisa na potasiamu ya kutisha. Kwa mgonjwa aliyetoka kukatwa tezi, daktari angekimbilia dripu ya kalsiamu isiyohitajika. Kwa mgonjwa wa mashine, angemwita usiku asafishwe kwa potasiamu ambayo ni yako wewe, siyo yake. Damu ikiwa haba, toboa tena, omba radhi. Na jaza nyekundu kwanza, zambarau baadaye.

Lakini kwa PTH yenyewe, zambarau ndiyo nzuri. Hili nimelijua kwa kosa langu. Miaka ya mwanzo ya kazi tulikuwa tunapeleka sampuli Dar es Salaam kwa boti. Nikatoa damu ya mama mmoja kwenye chupa nyekundu, sikuitenganisha, nikaiweka ndani ya kikapu nikiamini barafu itatosha. Upepo wa kusi ukapanda, boti haikuondoka, barafu ikawa maji, kikapu kikakaa siku mbili. Majibu yalirudi 560. Daktari hakuridhika, mama alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Tulirudia kwa zambarau, tukazungusha, tukatenganisha, tukagandisha: 810. Kwenye chupa ya zambarau homoni hustahimili joto la chumba takriban siku nzima. Kwenye nyekundu huanza kuliwa baada ya saa chache. Yule mama sikumwambia kwa nini tulimtoboa mara mbili. Nilikuwa kijana, niliona aibu.

SWALI: Ninasafishwa damu, na nywele zinanikatika. Dada yangu ameniletea vidonge vya nywele kutoka Muscat, vimeandikwa biotini. Vina madhara kwa vipimo?

JIBU: Kwa baadhi ya mashine za maabara, ndiyo. Kulabu moja kati ya zile nilizoeleza juu hufungwa kwa biotini. Biotini ikijaa kwenye damu yako inaziba nafasi, na PTH inasomeka ndogo kuliko ilivyo. Mwenye figo nzima huitoa kwa mkojo upesi. Wewe inakukalia muda mrefu zaidi. Chukua kopo lenyewe, siyo jina lake tu, umwoneshe daktari na mtoa damu kabla ya kipimo kijacho.

SWALI: PTH ya mama yangu ilikuwa 600 mwezi wa Machi, tumepima mahali pengine imetoka 64. Tumeshukuru sana, tunataka kumwachisha dawa. Tunakosea?

JIBU: Mwanangu, tazama herufi ndogo mbele ya namba. Umenitumia picha za karatasi zote mbili. Ya Machi imeandikwa pg/ml, hii mpya pmol/l. Moja ya hizo mpya ni sawa na takriban 9.4 za zamani. Zidisha 64 kwa 9.4, utapata kama 600. Hakikushuka kitu. Dawa aendelee nazo, na wiki hii mpeleke kwa daktari wake na karatasi zote mbili mkononi.